Nafuu ya Mashua Isiyo na Puto

Kuna watu ukiwapa nyama wagawe, watajipakulia mfupa mtupu ili mradi asitokee mtu wa kuwasema. Mizani alikuwa mmoja wao. Na ubaya wa watu wa aina hiyo ni kwamba hawaishii kujipakulia wenyewe. Humpakulia mfupa na ndugu yao aliyekaa pembeni, kisha humtazama usoni wakingoja ashukuru.

Jina la Mizani hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, kwa kuwa maisha yake yote ya utu uzima alikuwa mkaguzi wa mizani za madukani. Aliingia buchani na sanduku la mawe yake ya kupimia, akaweka jiwe la kilo moja kwenye sahani ya muuza nyama, akainama kuutazama mshale huku mwenye duka akijifuta jasho. Hakuwahi kupokea hata soda. Wenye maduka walimheshimu bila kumpenda, naye akaridhika hivyo, kwa sababu kupendwa kulimtia wasiwasi.

Ndiyo maana klabu ya mashua za tanga pale ziwani ilipotafuta mpimaji, hakuna aliyekuna kichwa. Mbio za mashua si kama mbio za miguu. Mashua moja ni ndefu na nyembamba, nyingine ni nzito kama kabati la nguo. Ukiziachia zote kwa kengele moja na kumpa kikombe aliyetangulia kufika, kila mwaka kikombe kitakwenda kwa mwenye mashua nzuri, na nahodha mzuri atabaki anapiga makofi. Kwa hiyo kila mashua hupangiwa nafuu yake, yaani sekunde kadhaa za kupunguzwa kwenye muda wake kwa kila maili, kadiri ilivyo goigoi. Anayezipanga sekunde hizo ni mpimaji. Akipanga sawasawa, aliyefika wa sita majini anaweza kuwa wa kwanza ubaoni, na hakuna wa kununa.

Kilichowakosesha watu usingizi pale klabuni kilikuwa puto. Puto ni lile tanga jepesi la rangi za kuwakawaka linalofunguliwa mbele ya mashua upepo ukiwa mgongoni. Likishiba upepo linatuna, na mashua inaondoka kana kwamba imechomwa sindano. Ila puto linataka watu, tena watu wepesi: wa kulipandisha, wa kushika kamba zake, wa kulishusha kabla halijawalaza ubavu majini. Wazee hawaliwezi. Wenye viuno vibovu hawaliwezi. Mke na mume walio wawili tu ndani ya mashua wakijaribu, wataishia kugombana. Watu wa namna hiyo walishindana bila puto, na kwa kulikosa wakaongezewa nafuu ya sekunde ishirini kwa kila maili. Je, ishirini ni haki? Ni nyingi? Hapo ndipo birika la chai lilipokauka kila wikiendi, na watu wazima wakarudi nyumbani wamenuniana.

Mdogo wake Mizani alikuwa miongoni mwa hao wasio na puto. Zamani ndugu hao wawili walikuwa na mashua moja, mdogo akishika usukani na kaka akishughulika na puto, na hawakushinda hata mara moja kwa sababu Mizani alilishusha mapema kila upepo ulipochangamka. Alipochaguliwa kuwa mpimaji akashuka, maana sheria ya klabu ilisema mpimaji hapandi mashua ya mtu. Puto wakamgawia mwanachama mwingine. Mdogo akabaki na mkewe, watu wawili na matanga mawili ya kawaida, na kuanzia hapo akaanza kushinda.

Alishinda mpaka ikawa karaha. Msimu wa kwanza watu walimpongeza, wa pili wakamtania, wa tatu wakaanza kusemea pembeni. Mwenye kusema kwa sauti alikuwa mwenye bekari kubwa ya mjini, ambaye kila mtu alimwita Bekari. Alikuwa na mashua ya kisasa na puto jekundu lililoonekana kutoka ng'ambo ya ziwa, na alikuwa na kinyongo cha siku nyingi. Mizani aliwahi kupima mikate yake, akaikuta imepungua uzito, akamwandikia faini.

Kwenye mkutano wa kufunga msimu, katika ule ukumbi wa klabu ulionuka ukungu na matanga yaliyolowa, Bekari alisimama akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Mimi nina swali dogo kwa mpimaji wetu," alisema. "Mkate wangu ukipungua, anakuja mtu ananiandikia faini. Sekunde za mdogo wake mtu zikizidi, nani anaandika?"

Watu walicheka. Hawakucheka sana, ila walicheka wote, hata katibu. Mizani alihisi masikio yake yakipata moto. Mdogo wake, aliyekuwa ameegemea dirisha karibu na mkewe, naye alicheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa utani na aliudhani huo ni utani.

Mizani alirudi nyumbani akaketi kwenye meza ya kulia, akaanza upya kupima nafuu ya mashua zisizo na puto. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwingine yeyote asingelifanya, kwa sababu mtu mwingine asingekuwa mwadilifu kiasi kile. Asije akasemwa kwamba jicho lake lilimpendelea mtu, aliyaacha majina nje ya hesabu. Kila mbio za misimu ile mitatu alizipa alama moja tu: kikombe kilikwenda kwa mashua yenye puto, au kwa isiyo na puto. Nahodha hakumtaka kumjua. Madukani alifanya vivyo hivyo. Alikuwa anaingia bila kusoma kibao cha juu ya mlango.

Matokeo yalikuwa wazi. Mashua zisizo na puto zilikuwa chache, lakini zilikuwa zimebeba vikombe viwili katika kila vitatu. Alirudia mara mbili na jibu likawa lile lile. Nafuu ilikuwa imezidi. Alijisikia nafsi imetulia, vile alivyokuwa akijisikia mshale wa mizani ulipokataa kufika pale mwenye duka alipodai unafika. Akaikata nafuu kutoka sekunde ishirini hadi kumi na mbili.

Alikwenda kumwambia mdogo wake kabla habari haijamfikia kwa midomo ya watu. Hiyo nayo aliihesabu kuwa haki.

Mdogo wake alikuwa fundi wa friji. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye friji zilizosimama kwa mistari, milango wazi, na mwanga mdogo uliopenya kwenye dirisha lililochafuka kwa mafuta. Mizani alimkuta ameingiza kichwa na mabega ndani ya moja.

"Kaka, leo umepotea njia?" sauti ilitoka ndani ya friji.

"Nina neno. Toka kwanza humo."

Mdogo alitoka akajifuta mikono kwenye ovaroli. Alikuwa amepungua, na chini ya macho ngozi ilikuwa na weusi. Mizani aliliona hilo, akadhani ni kazi nyingi.

"Nafuu ya bila puto inashuka," alisema. "Kutoka ishirini hadi kumi na mbili. Itatangazwa Jumamosi."

Mdogo aliokota bisibisi, akaichezea.

"Bekari amekushika pabaya."

"Bekari hajanishika popote. Nimepiga hesabu."

"Na hesabu inasema nini kuhusu mimi?"

"Hesabu haina habari na wewe. Inasema kuhusu puto."

"Sawa. Basi nakuuliza wewe, kaka, achana na hesabu. Unaona mimi nashinda kwa sababu ya hizo sekunde?"

Aliuliza huku akitabasamu, lakini bisibisi ilikuwa imetulia mkononi. Mtu mwingine angeshtuka kwa jinsi swali lile lilivyoulizwa. Mizani alilipokea kama maswali yote, akalipima, akaona halina uzito.

"Kama si sekunde, ni nini?" alisema.

Mdogo wake alicheka polepole, akaangalia sakafu.

"Panda siku moja uone. Si siku ya mbio, siku ya mazoezi tu. Pale kwenye mnara wako wa kuandikia muda unatuona tukija kumaliza. Kule nyuma ya rasi ndiko mambo yanakofanyika, na huko hujawahi kufika."

"Mpimaji hapandi mashua ya mtu."

"Mashua yangu ni ya mtu?"

"Ni ya mtu kama zilivyo zote."

"Haya, kaka," mdogo alisema, akarudisha kichwa ndani ya friji.

Ndivyo walivyokuwa tangu utotoni. Mama yao alikufa mapema na baba akawa mtu wa safari, kwa hiyo Mizani ndiye aliyemlea mdogo wake, akampikia, akamfulia, akamkagua kucha. Hakumnyima chakula wala daftari. Lakini siku mdogo alipoingia mbio mbio kutoka shuleni, ameshika karatasi ya mtihani, amekuwa wa kwanza darasani, Mizani aliisoma ile karatasi pande zote mbili kisha akamuuliza, "Ulikaa karibu na nani?" Hakukusudia ubaya. Alitaka kuhakikisha. Mtoto alijibu kwamba alikaa peke yake karibu na mlango, kaka mtu akaitikia kwa kichwa, wakala, wakalala, na suala la kupongezwa halikufika mezani tena.

Msimu mpya ulianza na mawingu mazito na upepo wa kubabaisha. Bekari alishinda mbio za kwanza, akashinda za pili, akanunulia watu wote maandazi. Mdogo wake Mizani alishika nafasi ya nne, kisha ya tatu, kisha ya nne tena. Kila mara kilichomkosesha kilikuwa kidogo. Mizani alikuwa akisimama kwenye mnara wa mbao, saa mkononi, anaziona mashua zikichomoza nyuma ya rasi, maputo mbele yakiwa yamevimba, na mahali fulani katikati yao, mahali ambapo mashua isiyo na puto haikuwa na haki ya kuwa, matanga mawili meupe ya mdogo wake yamefunguliwa moja kulia na jingine kushoto. Aliandika muda. Hakujiuliza ile mashua ilifikaje pale.

Zaidi ya hayo alifurahi, kwa namna yake ya kufurahi. Aliona ni ushahidi. Ukiondoa kilichozidi, kila mtu anarudi mahali pake, na hapo watu hawana tena cha kusemea pembeni. Bekari alianza kumwita "mzee wa haki", akampiga piga bega mbele za watu. Kilikuwa kilemba cha ukoka, na Mizani akakivaa.

Mdogo wake naye alibadilika. Zamani akitoka majini alikuwa anaanza kusimulia kabla hajafunga kamba, mikono ikienda huku na huku, jinsi upepo ulivyojipinda kwenye jabali na yeye akaufuata ukingoni wakati wenzake wamekwama katikati. Sasa alifunga kamba kimya, akamsaidia mkewe kukunja matanga, akaenda kusimama mbele ya ubao wa matokeo kama watu wengine. Siku ya mbio za mwisho alisimama pale muda mrefu. Alikuwa wa tatu, na kikombe cha mwaka kilikuwa kimekwenda kwa Bekari.

"Kwa hiyo hapa ndipo mahali pangu," alisema, Mizani alipopita karibu yake.

"Nafasi ya tatu si mbaya kwa mashua isiyo na puto," Mizani alimjibu.

"Si mbaya," mdogo alikubali. Alikuwa anahema kidogo, mkono mmoja ameuweka kifuani juu ya koti lake lililolowa, na hakukaa kunywa chai.

Moyo wake ulikuwa mbovu, na mkewe peke yake ndiye aliyejua. Ulisimama katikati ya wiki, karakanani, kabla mashua hazijarudi majini kwa msimu mpya. Mteja aliyekuja kuchukua friji yake alimkuta ameketi sakafuni, ameegemea mlango wa friji hiyo. Kwenye mazishi klabu nzima ilikuja. Bekari alisema marehemu alikuwa mtu wa utani, hakuwa na kinyongo na mtu. Mizani, alipopewa nafasi, alisema marehemu alikuwa mdogo mtiifu. Hakuna aliyesema kwamba alijua kuendesha mashua, na shemeji yake Mizani, mke wa marehemu, alisikiliza hotuba zote hizo akiwa amekaza macho kwenye viatu vyake.

Mashua zilirudi ziwani, na Mizani akarudi mnarani. Alijikaza kisabuni. Alifikiri uchungu wake ni ule wa kufiwa, wa kawaida, ambao watu walimwahidi ungepungua.

Kwenye mbio za kwanza za msimu huo maputo yalichomoza nyuma ya rasi, yakapita mstari, yakashushwa. Mizani aliandika muda wao, kisha akangoja mashua zisizo na puto. Akangoja. Wenye maputo walikuwa wameshafunga kamba na kuingia kunywa chai ndipo ilipochomoza ya mwalimu mstaafu na mkewe, na nyuma yake ya daktari wa meno mwenye kiuno kibovu. Nyingine mbili zikafuata, moja ikiwa imekata tamaa na kukunja tanga dogo. Mbio za pili ikawa vivyo hivyo. Mbio za tatu mvua ya manyunyu ilikuwa ikinyesha, na Mizani alishuka mnarani kuwapokea kamba, maana hakukuwa na mtu mwingine gatini wa kuwapokea.

"Poleni," aliwaambia. "Naona mwaka huu upepo umewakataa."

"Mwaka huu?" mwalimu mstaafu alisema, akimshika mkewe mkono ashuke. "Sisi ndiyo zetu, bwana. Hata tulipokuwa na ishirini tulikuwa tunamaliza watu wakishafua nguo."

"Lakini bila puto mlikuwa mnashinda. Vikombe viwili katika vitatu."

Mwalimu alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mwanafunzi mzuri aliyekosea swali jepesi.

"Nani alikuwa anashinda?" alisema. "Alikuwa anashinda mdogo wako."

Mizani alibaki ameshika kamba ya watu. Mke wa mwalimu alilazimika kuichukua mkononi mwake aifunge mwenyewe.

Aliingia kwenye kijiofisi cha klabu akafunga mlango. Hakuhitaji muda mrefu. Aliyaweka majina pale alipokuwa ameyaacha, na kila kikombe kilichokwenda kwa mashua isiyo na puto kilikuwa na jina moja. Akalifunika jina hilo kwa kiganja. Kwa wengine wote wasio na puto hapakuwa na kikombe hata kimoja. Mwalimu, daktari, wale wengine, kwa misimu mitatu, hata kwa ile nafuu ya sekunde ishirini ambayo watu waliipigia kelele, hawakuwahi kufika hata nafasi ya tatu. Alipiga hesabu tena bila mdogo wake, kama alivyotakiwa kufanya tangu mwanzo, na haki ikaja sekunde ishirini na saba. Ishirini haikuwa imezidi. Ilikuwa imepungua. Mdogo wake alikuwa akishinda huku amepunjwa, na kaka yake akaja akampunja zaidi.

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Mizani alikaa pale na kiganja chake bado juu ya karatasi, akijaribu kukumbuka jinsi mdogo wake alivyokuwa akiendesha mashua, kitu gani alichokuwa akikifanya kule nyuma ya rasi, na hakuwa na cha kukumbuka. Alikuwa amepima uhodari wa mtu, akauita sekunde za nafuu. Alilia, kwa sauti ngeni hata kwake, akanyamaza aliposikia hatua za katibu ukumbini.

Kwenye mkutano wa klabu uliofuata alisimama akasema yote. Hakujificha nyuma ya maneno. Alisema nafuu ilikatwa kimakosa, kwamba kilichokuwa kikishinda ni mkono wa mdogo wake, na kwamba kwa hesabu ya haki kikombe cha mwaka uliopita kilikuwa chake. Alitegemea watu wapige kelele. Hakuna aliyepiga. Bekari alikohoa, akasema, "Basi, mpimaji, yameshapita, naye hayupo, tumwombee," na hakuonyesha dalili ya kukirudisha kikombe, wala hakuna aliyemwambia. Katibu aliandika kwamba nafuu imekuwa ishirini na saba. Wakaendelea na suala la mlango wa choo cha wanaume.

Basi akabaki mtu mmoja tu wa kuambiwa.

Shemeji yake alikuwa mwalimu wa udereva. Mizani alimkuta kwenye uwanja wa shule yao, nyuma ya maghala, mahali palipowekwa vibao vya barabarani vya kufundishia na matairi ya zamani yaliyopangwa kuonyesha kona. Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa ameondoka. Yeye alikuwa bado ndani ya gari, kiti cha mwalimu, chenye breki yake ya pili.

"Ingia, shemeji, utalowa," alimwambia.

Mizani alizunguka akaketi nyuma ya usukani, maana hapakuwa na kiti kingine kitupu. Vile vya nyuma vilijaa vibao. Alimsalimia akiwa ameinamia mkeka wa miguuni. Kisha akamweleza. Alimweleza vizuri, kwa mpangilio, jinsi alivyoyaacha majina nje ya hesabu, na jinsi mwalimu mstaafu alivyomfumbua macho. Alimwambia kuhusu ishirini na saba. Shemeji alisikiliza bila kumkatisha, akitazama mbele kwenye kioo kilichojaa matone.

"Kwa hiyo ile siku ya mwisho tulishinda," alisema.

"Mlishinda. Na zile za kabla yake karibu zote."

"Siku ile nilichelewa kuvuta kamba kwenye boya la mwisho. Kidole kilinasa. Miezi yote hii nimekuwa nikijua kwamba ni mimi niliyemkosesha." Alikiangalia kidole chenyewe, akakikunja. "Yeye hakunilaumu. Mtu anakufa, wewe umebaki na kidole chako."

"Hukumkosesha wewe. Ni mimi."

"Nimesikia."

Lililomleta Mizani hasa alikuwa hajalisema bado.

"Nimekuja kukuambia kwamba alikuwa hodari," alisema. "Alikuwa hodari kuliko wote pale. Sikuwa nimeliona."

Shemeji aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Mimi nilikuwa ndani ya ile mashua, shemeji," alisema. "Unaniambia mimi?"

Gari lilikuwa limejaa ukungu wa pumzi zao, na vibao vya nje havikusomeka tena.

"Ulipoikata nafuu, nilimwambia amekosea huyo," shemeji aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwelekeza mwanafunzi. "Nilimwambia nenda kamwambie kaka yako amekosea, wewe unajua unachokifanya majini, mimi nakuona. Nilimwambia siku ile, nikamwambia katikati ya msimu, nikamwambia hata ile wiki aliyokufa. Unajua alinijibu nini?"

Mizani alitikisa kichwa, ingawa alikuwa anaanza kujua.

"Alisema, kaka hakosei. Kama kaka amepima, ndivyo nilivyo. Mimi nilidhani nilikuwa najua kuendesha mashua, kumbe nilikuwa napewa." Shemeji alifuta kioo mbele yake kwa kiganja, duara dogo la kuonea. "Alikuamini wewe, akaacha kujiamini yeye. Amekwenda hivyo. Sasa shuka, nataka kwenda nyumbani."

Mizani alishuka, akasimama penye mvua kati ya matairi, na gari likaondoka.